Mbawala Watatu Katika Shamba la Miwa

Niseme wazi mapema: wanaume wa kanisa letu hawakujua kuwinda. Walijua kuvaa makoti ya kijani, walijua kununua buti, walijua kupiga picha wameegemea gari. Lakini miaka miwili mfululizo, kila ikifika baridi ya Julai, walitoka Albert Park, mtaa wetu hapa Durban, alfajiri na kurudi jioni na kuku wa barafu wa supamaketi. Na sisi wake zao tulikabidhiwa wale kuku tupike, tena tuseme asante.

Walikuwa wanne. Mume wangu, anayeendesha foklifti kwenye ghala la Clairwood. Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, kiongozi wa maombi kanisani na kiongozi wa kila kitu kingine popote alipo. Na marafiki wao wawili wenye duka la simu. Bunduki hawakuwa nayo hata mmoja. Watu kama sisi, wenye karatasi za ukimbizi, tunatafuta mkulima mwenye bunduki na kibali, akubali kusimama kando yako wakati unapiga. Sasa mashamba yenye wanyama wengi yana nyaya ndefu na bei ndefu. Kwetu yanabaki yale ambayo wenyewe wanakuambia kwamba wanyama walishakwisha.

Mimi nina miaka ishirini na sita, mtoto mmoja wa miezi minane, diploma ya sekondari kutoka Uvira, na hasira. Nililelewa na mjomba wangu milimani Fizi. Aliwinda kwa nyavu, na tangu nikiwa na miaka saba nilikuwa kati ya wale wanaopiga kelele vichakani ili mnyama atoke akimbilie wavuni. Kwa hiyo fikiria mtu kama mimi anaweka bugali mezani huku anasikiliza wanaume wanne wakieleza kwa nini wamekosa nyama.

“Hatukuomba vya kutosha,” shemeji alisema.

“Shemeji, maombi hayana kosa,” nikasema. “Kosa ni kwamba mnamuuliza mkulima kama ana wanyama.”

“Tumuulize nini basi? Kama ana dada?”

Wakacheka wote. Mume wangu naye akacheka, na hilo nililiweka moyoni.

“Penye wanyama wengi,” nikaendelea, “unatembea tu unakutana nao. Penye wachache, kila mnyama ana kwake, anakula hapa, analala pale, anapita njia ile ile. Msitafute shamba kubwa. Tafuteni kichaka kimoja chenye mwenyewe.”

“Mama, mtoto analia,” shemeji akasema.

Mtoto alikuwa amelala.

Siku tatu kwa wiki nasuka nywele saluni mjini. Nje ya mlango wetu anakaa mama mmoja Mzulu anayeuza maharage mabichi na majimbi. Asubuhi moja alikuja na kikapu nusu, amevimba kwa ghadhabu, na mimi mtu mwenye ghadhabu napenda kumsikiliza, maana najua hadanganyi. Akaniambia kuna wanyama wanamlia bustani yake. Kwao wanamwita imbabala. Sisi tunasema mbawala. Sikuhitaji mkalimani.

“Wako wangapi?”

“Watatu. Majike wawili na dume mmoja mweusi mgongoni. Wanakuja mapema, kabla sijatoka na fimbo.”

“Wanalala wapi?”

“Zamani walilala ndani ya miwa ya mwenye shamba. Sasa miwa inakatwa, wamebaki na kichaka cha mlimani, juu ya bustani yangu. Kichaka chenyewe kidogo, dada. Unaweza kukizunguka ukiwa na mjukuu mgongoni.”

Niliacha kichwa cha mteja nusu, nikatoka nje nikamkumbatia.

Alhamisi nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda naye huyo mama mpaka shambani, upande wa kusini, mwendo wa saa moja na nusu. Mwenye shamba ni mzee wa Kihindi, tulimwita Anko kama wazee wa Kihindi wanavyoitwa Durban nzima. Alinionea huruma.

“Binti, hapa hakuna wanyama. Walikuja wawindaji mara moja, wakakaa saa mbili, wakaondoka wananitukana.”

“Anko, mimi nataka mmoja tu.”

Akanyanyua mabega, akaniacha nitembee. Kweli, upande mmoja miwa ilikuwa imekatwa yote, ardhi tupu kama kichwa kilichonyolewa. Upande wa pili kilima, na kwenye mteremko kile kichaka, kinashuka mpaka kijito na bustani ya maharage. Nikapiga magoti. Mavi madogo meusi, bado yanang'aa. Majani yametafunwa kwa urefu wa paja langu. Mti mwembamba umechubuliwa gome mahali dume anapokunia pembe. Na njia moja, moja tu, inatoka kichakani, inavuka kijito, kwato juu ya kwato. Nilitoa poda ya mtoto nikaipuliza hewani nione upepo. Ilikuwa bado asubuhi na baridi, poda ikateremka kutoka kilimani kuja bondeni. Mtoto akapiga chafya. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Jumapili baada ya ibada niliwaambia. Unajua walivyonitazama.

“Shamba la miwa?” shemeji akasema. “Wanyama watatu?”

“Dume mmoja. Majike hatugusi. Anko amekubali, na ana kibali cha dume mmoja.”

“Na tukikosa?”

“Mkikosa, nitanyamaza. Kila mwaka nitapika kuku wenu wa barafu na hamtasikia neno. Lakini mkipata, mimi ni mtu wa kundi. Kila baridi naenda, nachagua mahali, na nyama inagawanywa nikiwa nimesimama pale kama wengine.”

“Wewe unyamaze?” mume wangu akasema. “Ee Mungu, tukose!”

Shemeji alicheka, lakini alinipa mkono mbele ya wale marafiki wawili. Usiku ule sikuogopa. Niliogopa kesho yake, nilipokuwa naosha vyombo, nikajiona nikiwa na miaka hamsini bado nawapikia kuku, kimya.

Jumamosi tulifika kukiwa bado hakujapambazuka vizuri. Anko alikuwa anatungoja na bunduki yake. Siku mbili kabla, mume wangu alipewa kopo la rangi alilenge kwa majaribio, mbali kule ng'ambo ya nyumba, na Anko alikuwa ameridhika naye. Tukaenda taratibu mpaka bondeni. Nilifikiri kila kitu kiko sawa. Ndipo shemeji akawakusanya watu duara, pale pale kando ya kijito, hatua sitini kutoka kichakani, akainua mikono miwili juu, akajaza kifua.

“Bwanaaa...”

Nikamziba mdomo. Kwa kiganja changu. Shemeji yangu mkubwa, mtu ambaye kwetu hata kumgusa bega nafikiria mara mbili. Tukabaki hivyo, macho yake makubwa juu ya vidole vyangu, wenzake wamekauka.

Nikanong'ona, “Miaka yote miwili mliombea pale pale mnapowinda?”

Nikaondoa mkono ajibu.

“Sasa tungeombea wapi?”

“Kwa sauti hii?”

“Kuna sauti nyingine?”

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Miaka miwili! Watu wazima wanasimama mlangoni kwa mnyama, wanapiga kelele nusu saa, halafu wanaingia na bunduki kutafuta aliyekwisha kukimbia. Nilitaka kuwatukana wote kwa zamu. Nikawatazama, nikatazama kilima, nikatazama njia ile moja inayoteremka, na hasira yenyewe ikanipa akili.

“Shemeji, nisamehe mkono wangu. Maombi mazito yanafanyiwa wapi?”

Bado alikuwa amekasirika, lakini swali la dini hawezi kuliacha bila jibu. “Mlimani.”

“Basi nendeni mlimani. Zungukeni kwa barabara ya trekta, kimya kabisa, mpaka juu ya kichaka. Kule ombeni. Ombeni kwa nguvu zote, pigeni makofi, halafu mteremke polepole mkiendelea kuomba.”

“Unatufanya mbwa?” mmoja wa wale wa duka la simu akauliza.

“Mbwa sina. Nina nyinyi.”

Shemeji akatazama kilima. Aliyakumbuka maneno yetu ya Jumapili, niliona. Angeweza kukataa, na mimi ningenyamaza maisha.

“Mpaka lini?” akauliza.

“Mpaka msikie bunduki.”

Akawaongoza.

Tulibaki mimi, mume wangu na Anko, tumejificha nyuma ya ukingo. Anko alitoa amri moja tu: hakuna risasi mpaka mnyama avuke kijito aingie kwenye miwa iliyokatwa, bunduki iwe imekipa mgongo kilima chenye watu. Nilimshusha mtoto mgongoni nikampa ziwa ili asitoe sauti. Tukangoja. Kisha juu kule, kilima kikafumuka.

Sijawahi kusikia maombi kama yale, na nimekulia makanisani. Shemeji alimfunga shetani, akamfungua, akamfunga tena. Mmoja alikuwa anaimba, mwingine anapiga buti chini. Kwale walitoka kichakani kwa mkupuo.

Anko akanigeukia. “Mungu wao hasikii vizuri?”

Nikauma kanga nisicheke. Mtoto akaacha ziwa, akageuza kichwa asikilize baba zake.

Jike wa kwanza akatoka. Akavuka maji, akapita. Jike wa pili. Mume wangu akanyanyua bunduki, nikamwekea kidole mkononi, akatulia. Hapo moyo wangu ulikuwa unadunda mpaka mtoto anatikisika. Sauti za juu zilikuwa zinakaribia. Halafu dume. Hakukimbia. Alitembea, masikio yamegeukia nyuma, kama mzee anayehama mtaa kwa sababu ya makelele ya majirani. Akavuka kijito. Akaingia kwenye ardhi tupu, mweusi, mzuri, akasimama.

Mume wangu akapiga. Mara moja.

Hebu niache kueleza furaha. Mume wangu alinibeba mimi na mtoto pamoja. Mama mwenye bustani alitoka na fimbo yake akipiga vigelegele. Shemeji aliteremka mbio, koti limejaa miiba, jasho, machozi.

“Mmeona? Mmeona maombi?”

“Tumeona,” nikasema. “Miaka miwili iliyopita pia mliomba, mkajibiwa kuku.”

Wale wawili wa duka la simu walianguka kwa kicheko. Shemeji akajifanya hakusikia.

Baada ya kumchuna tukafika kwenye kugawa. Paja la Anko likatoka, mwenye ardhi. Kipande kizuri cha mama mwenye bustani kikatoka. Kisu kilikuwa mkononi mwa shemeji, ndiye mkubwa. Akaweka matumbo kwenye ndoo, akainyoosha ndoo kwangu bila hata kuniangalia.

“Mama, kaoshe haya.”

Sikuipokea.

Mkono wake ukabaki hewani na ndoo inaning'inia. Nilikuwa tayari kwa lolote.

“Shemeji,” nikasema, “ulinipa mkono.”

“Sasa nani ataosha?”

“Kaka,” mmoja wa duka la simu akasema taratibu, “ulimpa mkono. Tulikuwepo.”

Akaitazama ndoo. Akamtazama yule mbawala, kilima, mimi. Nikaona kitu kinapigana usoni mwake, na sikumsaidia. Akashusha ndoo. Akakata kifua kizima, kile ambacho kwetu ni cha aliyeonyesha njia, akakiweka kwenye majani mbele ya miguu yangu.

“Na mwakani unachagua wewe,” akasema. “Lakini mdomo wangu usiuguse tena.”

“Sitaugusa.”

Mume wangu alikuwa ameshachukua ndoo anaelekea kijitoni. Shemeji akakunja mikono ya lile koti la kijani, akamfuata, akachuchumaa. Kwa muda walishika matumbo kama watu wanaoshika nyoka. Mimi nilikaa juu ya jiwe, miguu nimenyoosha, mtoto mapajani.

“Yanaoshwa mara ngapi?” shemeji akauliza, mgongo ukiwa kwangu.

“Tatu,” nikasema. “Na uyageuze ndani nje.”

Akayageuza.