Bastola Laini ya Bwana Mifugo

Nilizaliwa Newala, juu kabisa ukingoni, ambako maji tuliyafuata bondeni na kupanda nayo kichwani. Kwa hiyo posa ilipokuja kutoka Chiwata sikuuliza mume anafananaje. Niliuliza kisima kiko umbali gani. Wakaniambia kiko nyuma ya nyumba, hatua chache tu, nikakubali siku ileile. Kazi ya mume nilikuja kuijua baada ya kufika: alikuwa mhunzi wa magobori, zile bunduki za kushindiliwa baruti mdomoni ambazo kila mwenye shamba la mihogo alizitaka kwa ajili ya nguruwe mwitu.

Mimi nilivuta mivukuto ya kupulizia moto. Mwanzoni nilivuta kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine, baadaye kwa sababu nilipenda. Baada ya miaka mitano nilijua mtambo wa gobori ulivyo ndani kama nilivyojua chungu changu. Nilijua nyundo inavyorudi nyuma, na kamani, yaani kile chuma chembamba kinachopindwa, inavyoisukuma nyundo ikagonge fataki, kile kidude kinachowasha baruti. Nilijua pia kwamba mume wangu hasifu kitu. Ukimletea jembe jipya la dukani analipindua, anatazama upande wa chini, analirudisha bila neno. Chakula changu nacho alikipindua hivyohivyo kwa macho. Alikula chote, lakini neno halikutoka.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza, watu wa Masasi walikuwa wameanza kutamka uhuru bila kushusha sauti. Newala kulikuwa na mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Mifugo. Serikali ilimleta atibu ng'ombe katika upande wa nchi ambao mbung'o walikuwa hawajawaachia watu ng'ombe wa kutibu, basi kazi iliyobaki ilikuwa mbwa. Alizunguka vijijini kuwachoma sindano wazima na kuwapiga risasi wenye kichaa.

Habari zake zilifika kwetu kabla yake. Alikuwa Nanganga, mbwa mwenye kichaa akatokea barabarani, watu wakakimbilia majumbani. Bwana Mifugo akasimama imara, akachomoa bastola yake, akalenga vizuri. Ikasema *ta*. Akavuta tena. *Ta*. Akavuta mara sita, silinda ikazunguka yote kwa utaratibu, na mlio ukawa uleule mmoja. Mara ya saba alikuwa juu ya gari lake, akiwa amekunja miguu. Mbwa aliuawa na mama mmoja kwa mtwangio, kisha yule mama akarudi kutwanga mtama kwa mtwangio mwingine.

Wiki hiyohiyo gari lilisimama uani kwetu. Alishuka yeye na karani wake, kijana wa Newala mwenye suruali iliyopigwa pasi, aliyekuja kutafsiri ingawa mzungu mwenyewe alisema Kiswahili cha kutosha. Tatizo la Kiswahili chake lilikuwa mpangilio. Alipoingia uani alisema, "Marahaba," kabla hatujamwamkia, kisha akangoja. Ikatubidi tumwamkie ili asibaki na jibu lisilo na swali.

Bastola ilikaa katika sanduku lililotandikwa kitambaa chekundu. Alitueleza kupitia kwa karani kwamba haikuwa bastola ya kawaida. Ilipotoka mashineni, palepale kiwandani, alikabidhiwa fundi mmoja mzee aliyeifungua yote, akasugua kila chuma kinachogusana na chuma, akapunguza ukali wa kamani, akajaribu, akasugua tena. Mle sandukuni mlikuwa na karatasi yenye sahihi ya fundi huyo. Bei yake, karani akasema kwa sauti ya chini kana kwamba tutamwibia, ingetosha kununua pikipiki na mafuta ya kuiendesha mwaka mzima.

Mume wangu alinawa mikono kwanza. Hilo peke yake lilinishtua. Akaichukua, akaifungua silinda, akahakikisha haina kitu. Akaipindua, akatazama upande wa chini, nami nikangoja airudishe. Hakuirudisha. Aliielekeza ardhini, akavuta kifyatulio polepole, akakiachia. Akavuta tena. Alivuta mara nyingi hata karani akaanza kutazama saa yake.

"Huyu aliyeitengeneza anajua," alisema.

Miaka mitano mimi namlisha, na neno la kwanza la sifa kutoka kinywani mwake likaenda kwa mzee asiyemjua, ng'ambo ya bahari. Nikaomba na mimi nijaribu. Mzungu alisita, mume wangu akanipa. Nasema kweli, nilielewa. Gobori letu ukilivuta unahisi chuma kinasaga chuma, kinakwama, kinang'ang'ania, kisha kinaachia kwa hasira. Hii ilikuja kama unavyovuta ule uzi wa katikati ya muhogo uliochemka vizuri. Hujui umeanza lini kuutoa, mara umekwisha kutoka. Nikamrudishia mwenyewe, nikajiona nina wivu na kitu ambacho hata sikukihitaji.

Mume wangu akaomba zile risasi zilizogoma Nanganga. Bwana Mifugo alikuwa nazo mfukoni, zote sita. Akauliza kama bastola imewahi kulia. Mzungu akasema imelia sana, barazani kwake Newala, amevunja nayo chupa nyingi, tena bila kukosa. Kwa risasi zipi? Kwa zile zilizokuja nayo. Na hizi? Hizi ni za serikali, zile zilipokwisha aliomba bohari ya boma.

Basi mume wangu akaziweka sita zile juu ya fuawe, akatuonyesha kitako cha kila moja. Palikuwa na alama ndogo ya pini ya nyundo kwenye fataki, ndogo kama ya mtu aliyegusa udongo mbichi kwa ncha ya unyasi. Akaeleza kwamba risasi za serikali zina fataki ngumu, na nyundo ya bastola hii, kwa vile kamani imelegezwa ili kidole kistarehe, inapiga hodi kwa adabu mno. Inabisha, haifunguliwi, inaondoka.

Karani alipata shida ya kutafsiri adabu ya nyundo. Ilipomfikia, mzungu akawa mwekundu. Akasema kulegezwa huko ndiko alikokulipia, ndiko kulikoifanya bastola hii iwe bastola hii.

"Umelipia kidole," mume wangu akamwambia. "Fataki hukuilipia."

Wakatazamana. Karani hakutafsiri, na haikuhitajika.

Mzungu akauliza kama inawezekana kuirekebisha. Nilidhani mume wangu atachukua tupa, maana kwa tupa alikuwa hana mpinzani toka Masasi mpaka Mtama. Alikataa. Alisema hatatia tupa kwenye kazi ya mtu yule. Ila angeweza kuweka chuma kingine chembamba nyuma ya kamani, viwili vilale pamoja visaidiane, kama vyuma vya chini ya lori vinavyolaliana. Siku ukikichoka unakitoa, na kazi ya mzee inabaki kama alivyoiacha. Shida ilikuwa kupata chuma chembamba chenye kurudi kikipindwa. Akasimama anafikiri, macho yakazunguka ua mzima, yakaingia mlangoni, yakatua kwenye gramafoni yangu.

Gramafoni ile niliinunua kwa karanga zangu mwenyewe. Ni kweli kamani yake ilikuwa imekatika, na kwa miezi mingi nilikuwa nazungusha santuri kwa kidole, mwimbaji akawa anaimba kulingana na nilivyoamka siku hiyo. Lakini nilikuwa na nia ya kuitengeneza. Nikasimama mlangoni. Mume wangu akasema ni kipande tu, urefu wa kidole. Nikamwambia Bwana Mifugo moja kwa moja, bila karani, kwamba kipande atapata, ila naye ataniletea kamani nzima, mpya, ya gramafoni, si ya saa wala ya kitu kingine. Akasema, "Ndiyo, mama." Nikapisha.

Kazi ilimalizika kabla ya adhuhuri. Mzungu alisimama mbele ya kichuguu nyuma ya nyumba, akajaza risasi za serikali, akavuta. Zililia zote sita. Kuku wetu hawakutaga siku nne, na jirani alikuja mbio na panga akidhani tumeingiliwa.

Sasa Bwana Mifugo akaivuta tupu, ardhini, kuihisi. Sijawahi kuona mtu mwenye silaha nzima mkononi akihuzunika vile. Akaivuta tena kwa matumaini. Akamwambia mume wangu, kwa Kiswahili safi kabisa, "Imekuwa gobori." Mume wangu akakubali kwamba inakaribia. Akauliza akitoe kile chuma? Karani, ambaye siku ile ya Nanganga alikuwa chini ya gari wakati bwana wake yuko juu, alisema haraka kwamba kwa maoni yake kisitolewe. Wakaondoka nayo ilivyo.

Baadaye karani alitusimulia kwamba mzungu alijifunza kukitoa kile chuma mwenyewe. Wageni wakija Newala anakitoa, wanavuta kifyatulio kwa zamu na kusifu. Akienda safari anakirudisha, huku akiguna. Kamani yangu ilikuja msimu wa korosho, imefungwa karatasi yenye mafuta, na ilikuwa ya gramafoni kweli. Mume wangu aliifunga bila kuombwa.

Ila yeye mwenyewe aliingiwa na ugonjwa. Aliamua kutengeneza gobori laini. Kwa wiki tatu alisugua mtambo mmoja kwa jiwe la mtoni na mafuta yangu ya karanga, anafungua, anafunga, anavuta, anatabasamu peke yake. Mteja alikuwa mkulima wa Nanganga aliyekuwa ameagiza bunduki ya nguruwe. Alipofika, mume wangu alishindilia baruti na kokoto chache, akapachika fataki, akamkabidhi ajaribu, akamwambia asikie mwenyewe. Yule bwana akaiinua vizuri tu kuelekea kwenye kichuguu. Kabla haijafika begani ikalia, na nusu ya paa la jiko langu ikaruka.

Moshi ulipotulia aliiweka chini kwa mikono miwili.

"Fundi, kazi ni nzuri," alisema. "Lakini mimi nataka bunduki inayoningoja niamue."

Mume wangu aliirudishia ugumu wake jioni ileile, na mteja akaichukua akiwa ameridhika, akaniomba radhi kwa ajili ya jiko. Kesho yake tulikata nyasi. Yeye alikuwa juu ya paa, mimi chini namrushia matita, na asubuhi nzima alinieleza kutoka kule juu kwamba kifyatulio hakikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa la kidole cha mtu wa Nanganga.