Maji ya Miguu

Miaka ile reli ilipoanza kujengwa, Mombasa ilijaa watu nisiowajua, na mimi sikumwamini hata mmoja. Mama mkwe wangu aliwaamini wote. Alibatizwa uzeeni, na katika mafundisho yote aliyoyasikia, lililomkaa moyoni ni hili: ampokeaye mgeni amempokea Bwana, na mjane mwema huwaosha wageni miguu. Basi kila aliyepiga hodi kwetu Mji wa Kale alikalishwa kigodani, akasogezewa beseni. Mteka maji ni mimi, na nilinung'unika kila ndoo.

Asubuhi moja akaja mwanamume wa makamo, akasema anatafuta kazi. Sikumpenda. Aliketi akiutazama mlango, na shuka yake ilishuka mpaka ikaburura vumbi. Jana yake watu wa tajiri mmoja wa mashamba walikuwa wamepita mtaani wakiulizia mtumwa aliyetoroka. Kama ndiye huyu, wangemrudisha kwenye minyororo, na sisi tuliomkaribisha tungekiona.

Mama alipiga magoti, akaushika mguu wake. Mgeni akaurudisha kwa nguvu, maji yakamwagika.

"Mwautakia nini mguu wangu?"

"Nikuoshe tu, mwanangu."

"Nani aliyewatuma mniangalie miguu?"

Nikamvuta mama kando. "Mtu huyu yuwaficha kitu. Mwache aende zake."

Mgeni alikwisha simama. Naye alitushuku sisi, tena kuliko nilivyomshuku mimi.

Mama hakubishana na yeyote. Aliketi yeye kigodani, akavua furungu, ile pete pana ya fedha aliyoivaa mguu mmoja siku zote, nami miaka yote nikidhani ni madaha ya kizee.

"Basi nioshe wewe kwanza," akamwambia.

Yule mtu akasita, akainama, akachota maji kwa kiganja. Alipofika kwenye kifundo, mkono ukasimama. Kovu lilizunguka mguu mzima, jeusi na gumu, pale palipokuwa na chuma. Akaliosha taratibu. Kisha akapandisha shuka yake, akamwonyesha lake, bado bichi.

Nikaenda mlangoni, nikatia komeo, nikachungulia dirishani. Watu walikuwa wakipita kama kawaida, na sikumwamini hata mmoja.