Pauni Iliyokosa Namba

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka vizuri, ingawa ya juzi yananipotea. Nilikuwa bibi harusi, kwetu Unguja. Mama mkwe wangu, Bi Rukia binti Hemedi, akanivisha pauni ya dhahabu, sarafu ya Kiingereza yenye sura ya Malkia Viktoria. Kitanzi chake alikitia sonara Nanji, zamani, ili aivae Bi Mwanakheri, mama yake Bi Rukia. Mimi nikaogopa isichubuke. Nikaivua, nikaifungia kashani. Bi Rukia akaniona shingo tupu mbele ya wageni.

"Haya, leo kaolewa nani? Wewe au kasha?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nikaivaa.

Sasa niko ughaibuni, mji wa Thornhill, kwa binti yangu Salma. Mwanawe Abasi anakusanya pauni hizo hizo. Zake zimo ndani ya vijisanduku vya plastiki vilivyozibwa, kila moja na namba yake, maana wapo wataalamu wanaozikagua na kuzipa daraja. Hashiki pauni ila kwa glavu. Nikampa na yangu aipeleke. Ikarudi bila namba.

"Imeharibika, Bibi. Hiki kitanzi. Na uso umelika."

"Umelika na nani?"

Akacheka tu. Kumbe mimi nawajua: Bi Mwanakheri, Bi Rukia, mimi, na Salma mama yake. Dhahabu ni ile ile, malkia yule yule. Sasa imeharibika lini? Mpaka leo sielewi.

Na Sakina, dada yake Abasi, alikuwa anaolewa wiki ile. Abasi, kwa mapenzi, akamletea moja ya zake, inang'aa, na plastiki yake. Sakina akaigeuza huku na huku.

"Asante, kaka. Sasa naivaaje?"

Abasi akanitazama, nikamnyooshea yangu na mkufu wake. "Mfungie wewe." Akatafuta glavu zake.

"We Abasi! Unamvisha dada yako au unaosha vyombo?"

Akazitupa. Akafunga mkufu, kisha kidole kimoja kikabaki juu ya uso wa malkia, kinausugua polepole.

Basi mwanangu, zenye namba zitunze. Huenda zina maana nisiyoijua. Lakini kilichotoka shingoni mwa mama yako usingoje mgeni akuambie kama ni kizima. Kivae, kilike na kwako pia. Mungu akupe furaha za kukivalia, na mkono wa ndugu wa kukufungia nyuma ya shingo. Amin.