Niliwamwaga Samaki Wangu Kwenye Tangi la Jirani

Mimi ni mpumbavu. Naanza hivyo ili msinihurumie, maana nawajua wasomaji wa ukurasa huu, mtu akilia kidogo tu mnamwaga pole kama mvua. Mimi msinipe pole. Sistahili.

Naishi Karatu, ni dereva. Jina langu silitaji, na huo woga nao uhesabuni humo humo kwenye upumbavu.

Nilikuwa namwendesha mzungu mmoja, bwana mifugo. Mkataba wake ulipokwisha akagawa vitu vya nyumbani. Wenzangu wenye akili walichukua magodoro na masufuria. Mimi nikachukua tangi la vioo lenye samaki wadogo wa mapambo. Samaki! Mimi, mtoto wa Mbulumbulu, kwetu samaki haliwi, ambaye hata leo ukiniwekea samaki kwenye sahani naona nyoka mwenye mapezi.

Nilitaka sebule yangu ifanane na mapokezi ya hoteli za watalii kule juu kreta. Sababu ni hiyo tu, sina nyingine. Mtu akija kuomba chumvi anabaki ameduwaa mbele ya kioo, nami nawarushia samaki makombo ya chapati ili wapande juu, huku najiona profesa. Kumbe nilikuwa nawanenepesha wazae.

Na walizaa kwelikweli. Samaki wale hawatagi mayai, wanazaa watoto wanaoogelea papo hapo. Mzungu aliniachia kioo cha kugawa tangi, madume upande huu, majike upande ule, akasisitiza nisikitoe. Nilikitoa wiki ile ile nikakitia kwenye dirisha la jikoni lililovunjika. Baada ya miezi kadhaa maji yalikuwa mazito kama uji wa ulezi. Samaki wanahema juu juu, wakubwa wanawatafuna wadogo.

Mke wangu Nasieku ni binti wa wafugaji wa Malambo. Hakuwapenda samaki wale hata siku moja, lakini kuwaona wanateseka kulimkera.

"Tenga madume," akaniambia. "Kwetu kondoo dume tunamfunga ngozi tumboni asipande majike ovyo, wana wasije wakazaliwa kiangazi hakuna majani. Anayefuga anapanga uzazi. Asiyepanga hafugi huyo, anatesa."

Nikacheka mpaka nikakohoa. "Sasa samaki nao niwashonee kaptula?"

Yeye hakucheka. "Basi wapunguze. Gawa walio wazima kwa anayewataka. Walio hoi wamalize upesi, pigo moja, wasiteseke."

Hapo nikajifanya mwema. Mimi ninayechinja mbuzi kila Krismasi huku napiga mluzi, nikasema siwezi kuua viumbe wa Mungu. Uongo mtupu. Nilikuwa mvivu, na nilipenda kujisikia mtu wa huruma bila kutoka jasho.

Jirani yetu ni mama mmoja mjane, Mama Boay. Alikuwa anaishi na mwanaye Boay, na mke wa Boay, Anastazia, mtu wa Ukerewe. Boay alimpata huko Mwanza alipokuwa anaendesha malori ya pamba. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, mchanga bado. Paa lao la bati lilikinga mvua kwenye tangi kubwa, na kiangazi kile tangi ndilo lililokuwa roho yao. Mto ulishakauka, sukari foleni, sabuni foleni, angalau maji walikuwa nayo nyumbani.

Nikaamua kuwamwaga samaki humo. Nilijipa na hoja, watakula viluwiluwi vya mbu. Kumwomba mama ruhusa sikuona haja, maana nilimhesabu mshamba asiyejua mambo ya kisasa. Kwangu pia palikuwa na pipa la maji, lakini mle sikuwatia hata mmoja. Maji yale nayanywa mimi, mnaona?

Jumapili moja wote wakiwa kanisani, nikapanda juu ya tangi lao na ndoo. Nikawabakiza nyumbani wale wenye mikia ya rangi, kwa ajili ya wageni. Wale wa kijivu, wasiopendeza, nikawamwaga wote. Wala sikukumbuka kwamba wenye rangi ndio madume. Majike wote, matumbo yamewajaa, nikawapeleka kwenye maji ya kunywa ya mama wa watu. Mtoto anayechunga mbuzi asingefanya kosa hilo.

Kiangazi kikakolea, maji yakashuka, samaki wakaongezeka. Siku Mama Boay alipochota akaona vitu vinacheza ndani ya kata, alipiga yowe nikalisikia nikiwa chini ya gari. Akafungulia tangi lote likamwagika uani. Maji ya kuwavusha mpaka mvua yakanywewa na vumbi, kuku wakawa wanadonoa samaki.

Na nani alaumiwe kama si mtu wa ziwani? Anastazia alikuwa anapika dagaa wake kwenye jiko la nje, na sufuria yake peke yake. Ndivyo walivyokubaliana alipoolewa, kwa kuwa mama mkwe hakutaka hata harufu. Sasa ikasemwa ametia dagaa kwenye tangi kwa makusudi, wakalowa, wakafufuka. Dagaa waliokaushwa juani, wakasafiri ndani ya gunia kutoka Mwanza, ati wakilowa wanafufuka! Na watu wazima wenye masharubu yao wakasema ndiyo, inawezekana. Watu ambao hatujawahi kutia samaki mdomoni tukageuka mabingwa wa samaki.

Kikao kikaitishwa. Nami nikaalikwa, jirani mheshimiwa. Nikavaa koti.

Anastazia alisimama, mtoto mgongoni. "Hawa si dagaa," akasema. "Dagaa akishatolewa ziwani amekufa. Hawa ni samaki wa kufugwa nyumbani." Kisha akanigeukia. "Shemeji, wewe unao. Sema."

Watu wote wakanitazama. Lilitakiwa neno moja tu. Ningeaibika jioni ile, kesho yake ningebeba mapipa kwenye gari nikawatafutie maji, na mambo yangekwisha.

"Wangu wana rangi, shemeji," nikasema. "Twendeni mkawaone."

Wakaja wakaona. Mikia myekundu, mikia ya bluu. Mzee mmoja akanishika mkono akaniomba radhi kwa kunisumbua. Nami, hebu sikilizeni uchafu huu, nikawaongezea methali: mwacha mila ni mtumwa. Nilisema hivyo nikiwa nimeegemea tangi la mzungu.

Anastazia akarudishwa kwao. Boay alimsindikiza mpaka stendi kama anayesindikiza mzigo. Wanaume wa namna hiyo nawadharau, lakini sina pa kuanzia, maana mimi ndiye niliyemkabidhi sababu. Mtoto akabaki, kwa vile mtoto ni wa ukoo. Ndio kwanza alikuwa anajifunza kusimama. Nilikuwa namsikia upande wa pili wa ua akimlilia mama yake, mpaka akazoea.

Nasieku nilimwambia wale wa kijivu nimewapa watu wa hoteli. Hakuuliza hoteli gani. Akawa ananitengea chakula, anaondoka.

Nikaishi hivyo miaka. Samaki wa rangi walikufa kwa baridi, hata sikuwakumbuka. Halafu nikapata safari ya Mwanza, nikamtafuta Anastazia, nikamkuta sokoni anauza sato. Nikamweleza yote nimesimama pale pale, machozi yananitoka mbele ya wateja wake.

"Nilijua siku ile ile," akasema. Mikono yake haikuacha kuparua magamba.

"Sasa mbona hukusema, shemeji?"

"Nilisema. Nilikwambia wewe."

Akamhudumia mteja, akarudisha chenji, akafuta mikono. Akaniuliza jambo moja tu, mtoto amerefuka mpaka wapi. Nikamwonyesha kwa mkono, hapa, usawa wa mbavu. Akapatazama hapo hata baada ya mimi kushusha mkono.

Niliporudi Karatu nikasema yote mbele ya Mama Boay na mbele ya Boay, ambaye alishaoa mwingine. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akatema mate chini, akaingia ndani. Nasieku naye akaniambia, "Umesema wakati ambapo hakuna wa kurudi."

Wewe unayetamani pambo linalopumua, nisikilize. Kama huwezi kutenga dume na jike, usifuge, nunua maua ya plastiki. Wakikuzidi, wape watu, lakini uwaulize kwanza. Aliye hoi mmalize upesi kwa mkono wako mwenyewe, na ubaya huo ubaki kwako. Usimhamishie jirani tatizo lako halafu ukaliita huruma. Na kama ulishafanya, sema leo, wakati bado kuna mtu wa kuokoka kwa kusema kwako.

Mimi mtaa mzima umeacha kunisalimia, na wana haki. Anayenisalimia ni yule binti wa Anastazia peke yake, akipita asubuhi kwenda shule na kidumu chake cha maji. Hakuna aliyemwambia bado nilichomfanyia mama yake. Anasimama, anaweka kidumu chini, anainamisha kichwa. "Shikamoo, baba mdogo." Nami naitikia, marahaba.