Leso Nyeupe Iliyofunga Barua ya Posa

Chini ya kitanda changu kulikuwa na sanduku la bati ambalo mama alininunulia akidhani nitawekea nguo. Nguo nilikuwa nazo chache, zilining'inia msumarini. Nilikuwa fundi cherehani, kijana, nimepanga chumba katikati ya mji wa Tanga, na sandukuni mlikuwa na mpira wa miguu.

Nikisema mpira nina maana ya vipande vya tiketi za uwanjani, beji za bati, bendera ndogo ya pembe tatu iliyoliwa na mende, na madaftari manne yenye picha za wachezaji nilizokata magazetini na kubandika kwa uji wa muhogo. Mlikuwa pia na kadi za rangi za wachezaji wa Ulaya. Zilitoka ndani ya pakiti za jojo, na watu walirudi nazo kutoka Mombasa. Majina ya Wazungu wale sikuweza kuyatamka, lakini walikuwa wazuri kwa kubadilishana. Mmoja mwenye ndevu alinipatia picha tatu za beki wetu wa kushoto, na nikaona nimemwibia aliyenipa.

Tanga wakati ule ilikuwa na timu mbili kubwa, na mtu asiyekuwa upande wowote alitazamwa kama mgonjwa. Kwenye misiba tulizikana, hilo lazima niseme. Ila pilau la arusi kila upande ulikula kwake. Na mimi nilikuwa na siri ambayo wenzangu wa klabu hawakuijua: daftari la nne lilikuwa la wale wa upande wa pili. Niliwakusanya kwa sababu sipendi kitu nusunusu. Huwezi kujua ulimfunga nani kama humjui.

Juu ya vyote ilikuwa leso ya mkononi, satini nyeupe, na kwenye pembe moja imetariziwa nanga kwa uzi wa buluu, alama ya timu yetu. Leso zile walipewa wachezaji tu, mwaka tulipochukua kombe. Mchezaji mmoja wa siku hizo alikuwa amestaafu na kwenda kulima Maramba, nami nilimfuata huko mara nne. Mara ya nne nilimpelekea kanzu niliyomshonea bure, pamoja na kadi zangu zote za Wazungu kwa ajili ya watoto wake, ndipo akakubali kunipa. Leso ile sikuwahi kufutia jasho. Niliilaza bapa juu ya madaftari, na siku za joto nilifungua sanduku ili ipate hewa.

Msichana niliyemtaka alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Pongwe, nje ya mji. Tulijuana kwa sababu ya kola. Miaka ile vitambaa havikuwapo. Duka la ushirika likipata mgawo, balozi wa nyumba kumi aliandika majina, na zamu yako ikifika vitambaa vilikuwa vimekwisha. Sisi mafundi tuliishi kwa kugeuza: kola iliyochakaa unaifumua, unaigeuza ule upande mzima uje juu, unaishona tena, na mtu anatoka kama mpya. Baadaye biashara ilipofunguliwa, mitumba ilimwagika mpaka tukaikanyaga, nami nikageuka fundi wa kupunguza suruali za Wazungu zilizowazidi watu kiuno. Lakini wakati ninaousema bado ilikuwa ni kola. Yule mwalimu aliniletea blauzi nimgeuzie, akarudi na ya pili. Ya tatu haikuwa imechakaa hata kidogo, na hapo nikaelewa.

Tatizo lilikuwa baba yake. Alikuwa mzee wa reli aliyestaafu, na katika timu ya upande wa pili alikuwa nguzo. Binti wa ndugu yake alipoolewa na kijana wa upande wetu, yeye alipeleka zawadi na salamu kwamba anaumwa, kisha siku hiyohiyo watu wakamwona shambani analima. Msichana alinionya mapema. Alisema wazee wangu watakapokwenda kwao wazungumzie mvua, wazungumzie afya za watu, mpira wasiutaje kabisa.

Kwa upande huo sikuwa na wasiwasi, kwa sababu mshenga wangu alikuwa baba mdogo, mkulima wa minazi wa Mwera, kule Pangani. Mpira kwake kilikuwa kitu cha watoto kuharibia mihogo ya watu. Sikujua kwamba kutojua kwake ndiko kutakakoniponza.

Kwetu barua ya posa haipelekwi mkono mtupu. Hufungwa katika leso safi, na leso hiyo ndiyo inayosema kabla ya barua kufunguliwa. Wakwe wakiikubali posa, leso inabaki kwao. Wakikataa, inarudi na barua yake ndani, na hapo hakuna haja ya kuuliza neno. Baba mdogo alikuja kutoka Mwera na leso yake mfukoni, nzuri tu, lakini lori alilopanda liliharibika njiani, akashuka kusaidia kusukuma, akajifutia grisi. Alipofika kwangu mimi sikuwapo. Nilikuwa kwenye foleni ya sukari tangu alfajiri, nikitaka wazee wakirudi wanywe chai ya maana. Tena mwoaji hana kazi siku ya posa, kwa hiyo hakuna aliyenisubiri.

Nilirudi na sukari yangu nusu kilo na kukuta sanduku limevutwa kutoka chini ya kitanda. Madaftari yalikuwa yamepangwa vizuri pembeni, kwa adabu zote. Nilipapasa ndani kwa mikono miwili, huku nimekwisha kujua. Nyumba nzima ya fundi cherehani haikuwa na kitambaa cheupe kingine cha kufungia barua.

Baba mdogo alirudi alasiri amefurahi. Alinieleza kwamba wamepokewa vizuri, wamepewa maji na madafu, na mzee ameipokea barua kwa mikono miwili. Kisha mzee akaitazama leso, akaigeuza, akaitazama tena.

"Imempendeza," baba mdogo alisema.

Nilitoka nje nikasimama uani mpaka hasira zikapungua. Kumgombeza baba mdogo sikuweza. Alikuwa ameacha minazi yake kwa ajili yangu. Basi nikajigombeza mwenyewe kwa kutokuwa na kufuli.

Zikapita wiki tatu. Habari ilifika klabuni, maana Tanga habari haina mguu mbovu, na wenzangu wakanijia juu. Walisema nanga yetu imelala nyumbani kwa adui, twende tukaidai. Niliwaambia wakae mbali na Pongwe. Hawakuelewa jinsi nilivyokuwa nimekazwa pande zote. Nilipokuwa nimelala niliitaka leso yangu mpaka mikono inawasha. Halafu nikikumbuka kwamba kurudi kwake ndiko kumkosa msichana, nilimwomba Mungu isirudi. Kila mtoto aliyepita mlangoni na kifurushi alinikausha mate. Katika wiki hizo nilishona suruali nikaiunga miguu yote miwili ya kulia, na mwenyewe akaivaa hatua tatu kabla hajaniuliza ana kosa gani kwangu.

Wiki ya nne msichana akaniletea salamu. Hakukaa. Alisema baba yake anataka kuniona mimi, si wazee wangu, Ijumaa baada ya sala. Nilimuuliza kwa nini. Akasema nyumbani hakuna anayezungumza, leso imefuliwa na kupigwa pasi, na yeye anaogopa. Kusikia imepigwa pasi, moyo ulinianguka. Kitu unachotaka kukaa nacho hukipigi pasi. Unapiga pasi unachorudisha.

Nilikwenda kwa baiskeli ambayo tairi lake la nyuma lilikuwa limeshonwa kwa waya, likigonga kila mzunguko. Mzee nilimkuta barazani peke yake. Nilitoa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso, akaniambia nikae kitako. Ukutani nyuma yake palikuwa na picha za timu yake, zimetiwa fremu moja baada ya nyingine, kubwa na safi. Nilikuwa nimeingia huku naogopa, lakini macho yaliniponyoka. Nusu ya picha zile sikuwa nazo.

Akaniona ninavyotazama. Aliinuka akaweka kidole juu ya picha moja, akaniuliza kama namjua huyu ni nani. Nikamtajia jina na namba yake. Akaonyesha mwingine, nikataja. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto, kwamba picha hii ilipigwa siku ya fainali. Hapo busara ingekuwa kusema ndiyo, mzee. Lakini mimi kitu kikisemwa vibaya mbele yangu huniwasha. Nilimwambia, samahani, hii si ya fainali. Ni ya mechi ya kirafiki kabla yake, kwa sababu golikipa amevaa fulana ya kuazima, ile isiyokuwa na namba, na siku ya fainali alivaa yake.

Aliivua fremu ukutani, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu. Kisha akairudisha ukutani. Nikajua nimekwisha.

Mkewe alileta chai ya tangawizi, haikuwa na sukari, akakaa kwenye kizingiti. Ndani ya mlango pazia lilikuwa limeshuka, na chini yake niliona vidole vya miguu vya msichana. Mzee alitia mkono mfukoni mwa kanzu akatoa leso yangu, imekunjwa mraba, na barua juu yake. Akaviweka mkekani baina yetu.

"Kwa barua sina neno," alisema. "N'na neno na hii."

Akanieleza kwamba siku ile aliona ametukanwa. Alitaka kurudisha vyote jioni hiyohiyo, amtume mtoto, asituone tena. Mkewe ndiye aliyemzuia. Mkewe alisema Tanga nzima imekosa kitambaa, na kijana mwenye kitu kimoja cha thamani akikitoa kwa ajili ya mke, huyo hajatukana mtu. Huyo ameiacha timu yake kwa ajili ya binti yetu, na tumshukuru.

"Nami nataka n'sikie kwa mdomo wako," akasema. "Leso hii uliitoa mwenyewe?"

Mama mtu alinitazama na kuitikia kwa kichwa taratibu, kunionyesha jibu lilipo. Alikuwa amelipika, amelipakua, kazi yangu ilikuwa kula tu. Vile vidole chini ya pazia vilitulia. Nilimtaka msichana yule kuliko kitu chochote, na neno moja lilitosha. Lakini kadiri nilivyolikaribia neno hilo ndivyo nilivyozidi kukasirika. Mimi niiache timu? Nani kasema? Nilitembea Maramba mara nne.

"Hapana, mzee," nilisema. "Aliichukua baba mdogo sandukuni, nami niko foleni ya sukari. Yeye hajui mpira. Ningekuwapo, ningechana shati langu la Idi nikapata kitambaa, maana binti yako nampenda. Lakini hii nisingeitoa."

Mama mtu aliinamisha uso akaufunika kwa upande wa khanga. Mimi nilikuwa nimekwisha kuinuka nusu, nikitafuta viatu vyangu kwa macho, nikiunyoosha mkono kuichukua leso.

"Kaa," mzee alisema. "Ungesema umeitoa, ningekurudishia sasa hivi na mlango ningefunga. Mtu anayeiacha timu aliyoipenda tangu utotoni kwa ajili ya mke aliyemjua mwaka jana, huyo mke naye siku yake yaja."

Akaichukua barua akampa mkewe. Leso akaikunja tena ile mikunjo yake, polepole, akaitia mfukoni mwa kanzu na kuulaza mkono juu ya mfuko.

"Waambie wazee wako waje tuzungumze mahari, mwanangu."

Nilikaa. Ilinijia raha ambayo sijawahi kuipata uwanjani hata siku ya kombe. Leso imekwenda, haitarudi, na kila nilipolifikiria hilo nilifurahi upya. Nyuma ya pazia mtu alicheka kisha akajizuia. Nami nikacheka, halafu kicheko kikageuka kilio mbele ya mkwe wangu. Nilipapasa mifuko yote ya suruali nikitafuta cha kujifutia machozi, nisipate kitu. Mzee aliniona vizuri sana. Mkono wake haukutoka juu ya mfuko wa kanzu, nikajifuta kwa mkono wa shati.