Jembe Lililolia

Fundi akichovya chuma chekundu kwenye maji, harufu ile hunipandisha hasira mpaka leo.

Jembe la mama lilifuliwa kwa springi ya lori. Likigonga jiwe, lililia kama kengele. Ikaja amri majembe yote yawekwe stoo ya kijiji, naye akalipeleka. Asubuhi akagawiwa jingine, chuma laini, likapinda kwenye udongo mweusi, mzito, wa mbuga kabla jua halijawa kali.

“Mwenyekiti, jembe langu liko wapi?”

“Mayu,” akajibu, akimwita mama kwa heshima, “majembe sasa ni yetu sote. Yana tofauti gani?”

Yetu sote, eti! Siku ile ile, tukipalilia pamba ya kijiji, tulilisikia likilia kwenye mawe ng'ambo ya korongo, shambani kwa mwenyekiti.