Siku Mama Aliponipaka Liwa

Juzi nilimwona mjukuu wangu akijipaka krimu ya jua usoni, nikaikumbuka liwa ya mama.

Nilikuwa mtoto bado, nimeshinda juani Forodhani, nikarudi na harara mwili mzima. Mama alisugua kipande cha sandali juu ya jiwe, akatia marashi, na chumba chetu cha Malindi kikajaa harufu tamu. Aliponigusa kwenye paji la uso, liwa ilikuwa baridi.

Niliganda. Wiki mbili nyuma nilichungulia mlangoni nikamwona bibi, mama yake mama, amelala akipakwa liwa ile ile. Kisha walimtoa nje na hakurudi tena.

“Mama,” nikauliza, “kwani mimi nshakufa?”

Mkono wake ulisita hewani. Sasa najua alikuwa bado anamlilia mamake.

“Hujafa, mwanangu,” alisema mwishowe. “Hii inapoza harara, na inakinga ngozi na jua. Napaka nyembamba, ikikauka nakuosha.”

Sikumwamini. Basi alichovya vidole, akajipaka uso wake mzima, akalala mkekani ubavuni mwangu, tukangoja ikauke.